Kitufe cha Kuruka

Ofisini walimwita Bi Kagua, na jina lenyewe alijitakia. Hakuna aliyemaliza wiki mbili katika kampuni ile bila kukumbana na amri yake: "Kagua kwanza, halafu ndiyo uniambie imekwisha." Aliwaambia wageni, aliwaambia wakubwa, na siku moja alimwambia fundi wa viyoyozi, ambaye hakuwa hata mfanyakazi wao. Maskini ya Mungu akapanda tena ngazi yake kwenda kukagua. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka, kwa sababu hakuona pa kucheka.

Kampuni ilitengeneza kifaa kidogo, kinene kuliko kiberiti kwa kiasi kidogo tu, cha kutunzia funguo za fedha za kidijitali. Tuseme mapema, maana hapa ndipo wengi wanapojichanganya: fedha zenyewe hazimo ndani ya kifaa. Ziko kwenye mtandao, kwenye blokcheni, ambako maelfu ya kompyuta za watu wasiojuana hukumbuka kwa pamoja nani ana nini. Kifaa hushika ufunguo. Ufunguo nao huzaliwa na maneno kumi na mawili ya siri, ambayo mwenyewe huyaandika na kuyaficha anapopajua yeye. Anayeyajua maneno ndiye mwenye mali. Akikutangulia mtu mwingine kuyatumia, hakuna benki ya kupigia simu wala karani wa kumlilia.

Kazi ya Bi Kagua ilikuwa kuingiza mitandao mipya. Kila mtandao una lugha yake, na kifaa hakiwezi kutia saini kwa lugha kisiyoijua. Kwa hiyo wenye mtandao wakiomba na wakikubaliwa, yeye na mwenzake mmoja huandika programu ndogo ya kuingia ndani ya kifaa, huipeleka kwa wakaguzi wa usalama, wakaguzi huirudisha na maswali, inarekebishwa, inakwenda, inarudi tena. Ikishapita hapo, ndipo huja zamu ya programu kubwa, ile ya kwenye kompyuta na simu: jina la mtandao, nembo yake, mahali pa kutuma fedha na mahali pa kuzipokea. Ni kazi ya kuchosha macho. Aliifanya tangu kampuni ilipokuwa na chumba kimoja na feni moja inayolia. Sasa meza yake ilikuwa kando ya dirisha lililotazamana na karakana ya kupaka rangi magari, na kila alasiri harufu ya rangi ilimjia puani akaizoea kama mtu anavyozoea jirani msumbufu.

Hakuwa ameolewa, na hilo lilikuwa halimsumbui isipokuwa watu walipomsumbua nalo. Aliishi na mama yake katika vyumba viwili vya kupanga, juu ya duka la kutoa nakala. Nyumba waliyokulia iliuzwa baba yao alipougua. Baba akafa hata hivyo, na nyumba ikawa imekwenda. Aliyeinunua alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa watu, na sasa mwalimu huyo alitaka kuhamia kwa binti yake. Alikuwa amewaambia kwamba wao ndio wa kwanza kuuziwa, mradi wasimweke sana.

Wa kuinunua alikuwa mdogo wake Bi Kagua, kitinda mimba wa nyumba ile. Aliendesha winchi ya bandarini, nchi ya mbali, kwa mikataba ya miaka na miaka, na kila aliyemjua alimwita Winchi. Ahadi yake ilikuwa moja: "Siku nyumba itakaporudi mikononi mwetu, na mimi narudi." Kila Jumamosi alipopiga simu, mama aliuliza habari za nyumba. Imefikia wapi? Mwalimu bado ana nia? Yule bwana asije akaikata ile miti ya uani. Siku nyingine za wiki mama hakuitaja nyumba hata kwa bahati mbaya, lakini Bi Kagua, mwenye macho ya kuona nukta iliyokosewa kwenye mistari elfu, hilo hakuliona.

Waajiri wa Winchi walikuwa wameanza kuwalipa watu kupitia mtandao mmoja mpya, kwa sababu njia za zamani za kutuma fedha zilikuwa zikila jasho la watu njiani. Jambo jema, ila fedha zile alizihifadhi ndani ya simu, na simu katika bweni la wanaume ishirini si mahali pa kuwekea maisha yako. Mwenzake mmoja wa chumba aliamka akakuta simu imebadilishwa na nyingine inayofanana nayo, na akiba yote ndiyo hiyo imekwenda. Tangu hapo Winchi hakulala vizuri.

"Dada, mtandao wetu utaingia lini kwenye kile kifaa chenu?"

"Kuna foleni."

"Foleni ya dada yangu mwenyewe?"

"Hasa hiyo."

Lakini aliumia. Na yeye ambaye hakuwahi kuomba upendeleo, siku moja alijikuta amesimama mlangoni kwa mkuu wake wa kazi, akisugua kiganja kwa kidole.

"Huu mtandao hapa," alisema. "Unaweza kusogezwa mbele?"

Mkuu akamtazama juu ya miwani. "Leo Bi Kagua ananiomba niruke foleni? Ngoja nifungue dirisha nione kama jua liko mahali pake."

"Nina ndugu yangu anautumia."

"Kumbe hata wewe una ndugu," mkuu akasema, na akausogeza. Maombi ya watu wengine nayo yalikuwa mengi, kwa hiyo haikuwa dhambi.

Kazi ikaanza. Sasa ni lazima nieleze jambo moja la watu wa kazi hii, maana bila hilo huwezi kuelewa yaliyompata. Anayejaribu programu hatumii maneno yake halisi ya siri. Yapo maneno ya majaribio, yaleyale dunia nzima, neno moja linalorudiwarudiwa na la mwisho likawa tofauti, na kila mjaribu anayajua kama anavyojua jina lake. Yamechapishwa kwenye vitabu vya maelekezo. Kifaa chenye maneno hayo ni pochi ya kila mtu, na hakuna mwenye akili anayeweka humo senti yake. Wezi nao wanayajua. Huacha kompyuta zao zikiwa macho mchana na usiku, zikivizia anwani zinazotokana na maneno hayo, na chochote kitakachodondokea pale hukombwa papo hapo.

Jambo la pili ni kitufe. Ukitaka kupokea fedha, programu inakuonyesha anwani, kisha inakuambia kwa herufi kubwa: linganisha anwani hii na ile iliyo kwenye kioo cha kifaa chako. Chini ya maneno hayo kulikuwa na kitufe kidogo cha kijivu kilichoandikwa Ruka. Bi Kagua alikipigania kitufe hicho kiondolewe mpaka akagombana na watu. Wakamwambia wateja wana haraka. Mwishowe akashindwa, akapata ushindi mdogo tu kwamba kiwe kijivu. Lakini nani alikibonyeza kuliko wote? Ni yeye. Mtu anayejaribu kupokea mara mia kwa siku hawezi kulinganisha mara mia. Aliruka, akaruka, akaruka, mpaka vidole vikawa vinakwenda vyenyewe kabla kichwa hakijaamua.

Mtandao ukatangazwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi alikuwa nyumbani na kompyuta ya kazini mezani, mama anakunja nguo kitandani, mlango wa chumba uko wazi, na sauti ya Winchi imejaa vyumba vyote viwili kupitia simu.

"Umeuona, dada?"

"Umo. Jina lake na nembo yake."

"Mama, umesikia? Tumetambuliwa!"

"Mimi nasikia kelele tu," mama akajibu. "Umetambuliwa na nani, polisi?"

Wote watatu wakacheka. Bi Kagua akatoa kabatini kifaa cha mdogo wake, kile ambacho Winchi mwenyewe alikitilia maneno yake likizo iliyopita, akiwa amempa mgongo hata dada yake, kwa amri ya dada yake. Akakichomeka kwenye kompyuta. Programu ikafunguka kwenye Akaunti ya Kwanza. Kila kifaa duniani, usipokipa jina lingine, huanza na Akaunti ya Kwanza, na programu ile huvikumbuka vifaa vyote ilivyowahi kuviona, hata visipokuwepo. Iliyokuwa mbele ya macho yake ilikuwa ya kifaa cha majaribio alichokitumia jana yake.

"Haraka basi, zamu yangu inaanza," Winchi akasema.

"Na mwambie akishanunua aanze na bati la jikoni," mama akapaza sauti kutoka chumbani.

"Mama, bati tutaweka la dhahabu!"

Bi Kagua akacheka tena. Alikuwa na furaha, na furaha kwake ilikuwa mgeni wa nadra. Akabonyeza Pokea. Yale maneno makubwa yakaja. Kidole kikaenda kwenye kijivu.

Akamtumia anwani.

"Nitume kidogo kwanza?"

"Kidogo kwanza. Ungetuma yote kwa mkupuo ningekukana."

Akatuma kidogo, na kidogo kikafika, kikaonekana kwenye programu wazi kabisa. Kompyuta za wezi hazikukigusa, kwa kuwa gharama ya kukiiba ingekipita chenyewe. Lakini hilo alikuja kulifikiria baadaye, wakati wa kulifikiria ulipokuwa umepita. Saa ile alisema, "Imefika. Tuma." Winchi akatuma yote.

"Mama, njoo uone."

Mama akaja na shati mkononi, akavaa miwani, akainama. Akaisoma ile tarakimu polepole. "Hii yote ni ya mwanangu?"

"Ni ya mwanao."

Na mbele ya macho ya mama, kufumba na kufumbua, tarakimu ikashuka ikawa karibu na bure.

Mawazo yake ya kwanza yalikuwa ya kikazi: programu imekosea kuonyesha. Akasasisha ukurasa. Akasasisha tena. Ndipo akauona mstari mpya chini, fedha zimetoka, zimekwenda kwenye anwani asiyoijua. Akakigeukia kifaa kilichochomekwa. Kioo chake kilikuwa bado kinangoja kiingizwe namba ya siri. Hakuwa hata amekifungua. Anwani aliyoituma ilikuwa ya kile cha majaribio.

"Dada? Mbona kimya?"

"Programu inasumbua kidogo," akasema. "Nenda kazini. Tutaongea ukitoka."

Mama akarudi kwenye nguo zake. "Hizo kompyuta zenu," akasema, "leo hivi, kesho vile." Bi Kagua akaingia bafuni, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akauma kitambaa cha kichwa chake ili asisikike.

Winchi alipotoka zamu alimwambia kila kitu bila kujitetea, akiwa amesimama ngazini mlango wa duka la nakala ukiwa umefungwa. Upande wa pili alisikia upepo wa bandarini na watu wakiitana.

"Ni yote?" Winchi akauliza.

"Yote."

"Hakuna wa kumwomba arudishe?"

"Hakuna."

Winchi akasema, "Wewe, dada? Wewe?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Angemtukana, angepumua. Maneno yale machache yalimkaa kifuani kuliko tusi lolote ambalo angeweza kulibuni.

"Basi usilie," Winchi akamaliza. "Mama usimwambie kwanza."

Jumatatu alijipeleka mwenyewe kwa mkuu wa kazi. Hakufukuzwa. Kitufe kiliondolewa wiki ileile, bila mkutano wala mabishano. Kwa upande mwingine mambo yalikuwa mazuri ajabu: wenye mtandao walituma salamu za shukrani, watu walioungoja walikuwa wakiutumia kwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kazi ilikuwa safi. Kijana mmoja wa meza ya jirani alimwita kama kawaida, "Bi Ka...", akalimeza jina nusu. Tangu siku ile wote walimwita dada, kwa upole na heshima, kama anavyoitwa mtu aliyefiwa. Jina ambalo kwa miaka alijifanya halimpendezi, sasa alilikosa mpaka likamtia machozi chooni.

Alikwenda kwa mwalimu mstaafu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ataipangisha nyumba kwa sasa na kuwangoja kadiri atakavyoweza, ila yeye mwenyewe si kijana. Bi Kagua alitoka pale bila kutazama nyuma, asije akaiona miti ya uani.

Mama alikuwa akiuliza kila baada ya siku mbili tatu, "Ile programu yenu imetengemaa?" naye akijibu, "Bado kidogo, mama." Siri ile ilimkondesha. Jumapili moja alasiri, mama akiwa amekaa kitandani na rundo la nguo zilizoanuliwa, alivuta kigoda, akakaa miguuni pake, akasema yote.

Mama alisikiliza, soksi moja ikiwa mkononi.

"Sasa huyo mwizi aliingia wapi?"

"Hakuingia mahali, mama. Mlango niliufungua mimi."

"Na humjui?"

"Hakuna anayemjua. Pengine hata si mtu, ni kompyuta imeachwa ikivizia."

"Kompyuta," mama akasema. "Kompyuta itanunua nini?"

Bi Kagua akaweka kichwa kwenye goti la mama yake, yeye mtu mzima mwenye mvi, akalia kwa sauti. Mama akamwacha alie. Alipotulia, mama akauliza, "Sasa mwanangu anarudi lini?"

"Mpaka nyumba ipatikane, mama."

"Nyumba, nyumba! Nani aliyeitaka nyumba?"

Bi Kagua akainua uso. "Si wewe, mama? Kila akipiga simu unamwuliza nyumba."

"Nilianza kwa kumwuliza atarudi lini. Kila nikimwuliza, ananijibu nyumba. Basi na mimi nikawa nauliza nyumba." Mama akaitupa soksi kwenye rundo. "Ndimo nilimomwuguza baba yenu, nikamwona akiisha kidogo kidogo. Kuufagia ule ua kuliniua magoti. Nyumba ya nini mimi? Mpigie. Mwambie arudi hivyo hivyo, mikono mitupu. Atalala hapo sebuleni, tutabanana."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, Bi Kagua alihisi kifua kinafunguka. Kumbe kilichoibiwa hakikuwa kile walichokitaka. Akafuta uso kwa upindo wa kanga ya mama, akapiga, akafungua sauti ili wote wasikie. Winchi akapokea upesi.

"Dada! Nilikuwa nataka kukupigia. Nimesaini asubuhi hii."

"Umesaini nini?"

"Mkataba mwingine. Miaka minne. Na nimeomba zamu za ziada, kwa hiyo ile hasara tutaifidia bila mama kujua."

"Unaweza kuuvunja?"

"Nivunje kwa nini? Hata ningetaka, wamekwishachukua pasipoti, wanakaa nayo mpaka uishe. Kwani vipi?"

Bi Kagua alimtazama mama. Kwa umri wa mama, miaka minne si kitu cha kumwahidi mtu. Mama akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mwanangu."

"Mama! Upo hapo?" Sauti ya Winchi ikabadilika. "Umesikia?"

"Nimesikia. Dada yako ameniambia yote."

"Mama, nisamehe. Nyumba imechelewa tu, haijapotea. Bado unaitaka, mama?"

Bi Kagua alitikisa kichwa, akimsihi mama kwa macho amwambie kijana ukweli. Mama hakumwangalia. Alikuwa akiangalia ukutani.

"Naitaka," mama akasema. "Ile ile. Nani kakwambia nimekata tamaa? Fanya kazi zako taratibu, usijimalize. Mimi nipo, nitaingoja."

Winchi akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua, mama. Ndiyo maana nimesaini bila kukuuliza."

Mama akamrudishia binti yake simu, akamwashiria aendelee kuzungumza, akaitafuta ile soksi kwenye rundo.